Utoshelezi wa Mwisho katika Tamthilia za Mashujaa wa Televisheni

Wapo walimu watakaoshangaa kuona makala juu ya tamthilia za Kimarekani katika kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa. Watauliza: mtu aliyevaa vazi jekundu la kubana, akimbiaye upesi kuliko sauti, anatuhusu nini sisi tulio na Liyongo wetu? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Utamaduni wa taifa si yale tu tuliyorithi, bali pia ni yale tunayoyapokea kila siku, na namna tunavyoyapima. Vijana wetu wa sekondari wanazijua tamthilia hizo, wanazitaja kwa majina, na wanabishana juu yake njiani waendapo shule. Mwalimu anayezidharau bila ya kuzitazama amewaachia wanafunzi wake wazipime peke yao, tena bila mizani.

Mimi mwenyewe ni mpenzi wa tamthilia hizo, wala sioni haya kukiri. Lakini mpenzi si mtumwa. Apendaye kitu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kukikosoa, kwa kuwa yeye ndiye anayeumia kinapoharibika. Katika makala haya sitazungumzia mapigano ya mashujaa hao, wala mavazi yao, wala mbinu za picha zinazomfanya mtu aruke angani. Nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni sehemu ya mwisho ya msimu: ile ambayo mtazamaji ameingojea kwa majuma mengi, na ambayo ikiisha humwacha ama ameshiba ama ana njaa kuliko alivyoanza.

Mizani tuliyo nayo

Washairi wetu wa jadi walituachia kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameisikia, yaani utoshelezi. Ubeti mmoja wa shairi unapaswa kujitosheleza kwa maana. Shairi laweza kuwa na beti kumi au ishirini, na hoja yake yaweza kusonga mbele ubeti baada ya ubeti, lakini kila ubeti unapofika kituoni sharti uwe umesema jambo kamili, hata kama msomaji hatausoma ule unaofuata. Mshairi anayekata maana katikati, akaja kuimalizia katika ubeti wa pili, huambiwa kwamba hakujua kupima.

Kwa maoni yangu, msimu wa tamthilia ni ubeti. Una mwanzo wake, una swali lake, na una kituo chake. Si kosa kwamba kuna msimu mwingine unaokuja, kama ambavyo si kosa kwamba kuna ubeti mwingine unaokuja. Kosa ni kumfikisha mtazamaji kituoni bila ya kumjibu swali aliloulizwa tangu mwanzo. Na kosa kubwa zaidi ni kumjibu vizuri, kisha kulifuta jibu hilo katika ubeti unaofuata kana kwamba halikupata kusemwa. Kwa mizani hii ya nyumbani nitazipima tamthilia za ugenini.

Kwa nini msimu huachwa ukining'inia

Kabla ya kuhukumu, yafaa tujue mazingira ya kazi yenyewe. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za televisheni za Marekani zilikuwa na desturi ya kuanza msimu mwezi wa Septemba au Oktoba na kuufunga mwezi wa Mei. Msimu mmoja uliweza kuwa na sehemu 22 au 23, na kila sehemu ilikatizwa na matangazo ya biashara. Mei ilikuwa miongoni mwa miezi ambayo idadi ya watazamaji ilihesabiwa kwa uangalifu zaidi, na hesabu hiyo ilisaidia kupanga bei ya matangazo. Tena, ni katika majira hayo hayo kampuni zilipotangaza ni tamthilia zipi zitaendelea na ni zipi zitakatwa. Basi mwandishi wa sehemu ya mwisho alikuwa akitumikia mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni hadithi, nayo inataka kufungwa. Bwana wa pili ni biashara, nayo inataka mtazamaji arudi mwezi wa Oktoba.

Desturi ya kuacha shujaa katika hatari haikuanzia kwenye televisheni. Sinema za Marekani zilikuwa na michezo ya mfululizo iliyoonyeshwa sehemu moja kila juma. Mwaka 1941 ulitoka mchezo wa Captain Marvel wenye sehemu 12, na mwaka 1948 ukatoka wa Superman wenye sehemu 15. Mtoto aliyelipa kiingilio aliachwa na shujaa ukingoni mwa mauti ili alipe tena juma lijalo. Televisheni ilipoonyesha tamthilia ya Batman kuanzia 1966 hadi 1968, mtindo huo ulifanywa kuwa kichekesho: kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilionyeshwa mara mbili kwa juma, usiku wa kwanza Batman na Robin wakaachwa mtegoni, na usiku wa pili wakajinasua. Hakuna aliyedanganywa. Hata mtoto mdogo alijua kwamba watatoka.

Na nyuma ya wote hao yupo bibi tunayemfahamu sisi sote, Shahrazad wa Alfu Lela U Lela, aliyekata hadithi alfajiri ili yeye asikatwe kichwa. Kwa hiyo mbinu yenyewe si mbaya. Hoja yangu ni kwamba mbinu ya kumfanya msikilizaji arudi haipaswi kula kile kilichomfanya aje.

Sisi wa huku tulizipata tamthilia hizi kwa njia yetu wenyewe. Wengi wetu hatukuzitazama juma kwa juma. Tulizipata katika diski zilizokusanya msimu mzima, mara nyingine zikiwa na sauti ya mfasiri wa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji, tukazitazama nyumbani au katika vibanda vya video usiku baada ya usiku. Mtu aliweza kuumaliza msimu mmoja saa tano za usiku na kuuanza wa pili saa tano na dakika tano. Ile miezi ya kungoja, ambayo mfanyabiashara aliitegemea, kwetu haikuwapo. Nadhani jambo hilo lilitufanya tuwe mahakimu wakali zaidi. Mwisho unaotegemea kungoja tu, kwetu uliyeyuka papo hapo. Kilichobaki ni maana, kama ilikuwapo.

Mlangoni mwa Nora Allen

Nitaanza na mwisho ninaouhesabu kuwa bora. Tamthilia ya The Flash ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Oktoba 2014 na ikakoma mwezi wa Mei 2023, baada ya misimu tisa na sehemu 184. Kisa chake ni cha Barry Allen, kijana mtaalamu wa uchunguzi katika polisi ya mji wa kubuni uitwao Central City. Barry alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mama yake, Nora, aliuawa nyumbani usiku na mtu aliyezunguka chumbani kwa kasi kama mwali wa manjano. Baba yake, Henry, akafungwa gerezani kwa kosa asilolitenda. Baadaye Barry alipigwa na radi akapata mbio zisizo za kibinadamu, na hatimaye akatambua kwamba mbio hizo zaweza kumrudisha nyuma ya wakati. Msimu wote wa kwanza unaelekea kwenye swali moja: mwana akipewa uwezo wa kumrudisha mama yake, afanye nini?

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 19 Mei 2015. Barry anapata nafasi ya kurudi katika usiku ule. Joe West, askari aliyemlea, anamhimiza aende. Baba yake mzazi anamsihi asibadili kitu. Anakwenda. Anasimama nyuma ya mlango, anayaona mapigano, naye yu tayari kuingia. Ndipo Barry mwingine, yeye mwenyewe wa miaka ijayo ambaye anapigana na mwuaji, anamwona na kumwashiria asiingie. Barry anabaki pale mlangoni. Mapigano yanapokwisha mama yake yu sakafuni na jeraha la kisu. Barry anaingia, anavua kile kinachoficha uso wake, anamwambia mama kwamba yeye ndiye mwanawe, kwamba yeye na baba wako salama, na anakaa naye mpaka anakata roho.

Tazama jinsi waandishi walivyofanya. Mtu mwenye mbio kuliko watu wote duniani anapata ushindi wake mkubwa kwa kusimama. Nguvu anayo, nafasi anayo, na haki ya kutamani anayo. Lakini anachagua kuaga badala ya kufuta. Baada ya hapo yapo mengine: askari Eddie Thawne anajipiga risasi ili kizazi chake, yule mwuaji, asipate kuzaliwa, tundu kubwa linafunguka juu ya mji, na Barry anakimbia kulielekea, picha ikakatika. Mtazamaji hajui kama ataokoka. Biashara imepata haki yake. Lakini swali la msimu limekwisha kujibiwa, na hadithi nayo imepata haki yake. Huu ni ubeti uliojitosheleza.

Hapa sina budi kusema jambo la nyumbani kwangu, kwa sababu bila ya hilo msomaji hataelewa kwa nini naliandikia suala hili kwa uchungu. Dada yangu alifariki mwaka 2012, akaacha mtoto wa kiume wa miaka tisa. Watu wazima tuliamua kwamba mtoto asipelekwe hospitali kumwona mama yake katika siku zake za mwisho. Tulidhani tunamhurumia. Mtoto huyo nilimlea mimi, nasi tuliitazama tamthilia hii pamoja. Usiku tulipoifikia sehemu hiyo hakulia. Alikaa kimya mpaka majina ya waigizaji yakaisha, kisha akasema: "Mjomba, angalau huyu alimuaga." Nikafahamu kosa letu, baada ya miaka kadhaa, mbele ya televisheni. Tuliongea mpaka usiku wa manane, kwa mara ya kwanza, juu ya mama yake.

Hadithi iliyoweza kufanya hivyo haistahili kuitwa upuuzi.

Jibu lililofutwa

Msimu wa pili ulifungwa tarehe 24 Mei 2016. Safari hii adui aitwaye Zoom amemwua Henry, baba yake Barry, mbele ya macho ya mwanawe. Barry anamshinda Zoom, lakini moyo wake haukutulia. Katika dakika za mwisho kabisa anakimbia, anarudi katika usiku ule ule, anaingia katika nyumba ile ile, anamzuia mwuaji na kumwokoa mama yake. Anapogeuka anamwona yule Barry wa mwaka uliotangulia amesimama mlangoni. Yule wa mlangoni anafifia na kutoweka.

Yamkini waandishi walikusudia picha hiyo iwe ya kutisha, nami nakubali kwamba inatisha. Ni picha ya mtu anayeifuta busara yake mwenyewe. Lakini mpwa wangu hakuisoma hivyo. Aliniuliza: "Mjomba, kumbe angeweza tangu siku ile?" Sikuwa na jibu. Kwa mtoto aliyekwisha kujifunza kutoka mlango ule ule kwamba kuna mambo yasiyorudi, mlango sasa ulikuwa ukimwambia kwamba yanarudi, mradi mtu awe na mbio za kutosha. Na asiye na mbio je?

Mtetezi wa tamthilia atanijibu kwamba nimekuwa na haraka. Atasema kwamba msimu wa tatu, ulioanza tarehe 4 Oktoba 2016, ulimtoza Barry gharama ya tendo lake. Ni kweli. Anaishi miezi mitatu na wazazi wake katika dunia aliyoibadili, anaanza kusahau maisha yake ya zamani, na mwishowe inambidi amwombe mwuaji yule yule aurudishe usiku kama ulivyokuwa. Anaporejea anakuta mambo hayakurudi sawa: rafiki yake Cisco amefiwa na kaka yake, Dante. Basi funzo limo. Mchoyo wa majonzi huwatoza wengine.

Nakubali hoja hiyo, lakini nasema kwamba inathibitisha kosa la ubeti. Maana ya mwisho wa msimu wa pili haimo ndani ya msimu wa pili. Imekatwa katikati na kumaliziwa katika ubeti unaofuata. Aliyeishia pale, na wengi huishia pale kwa kuwa diski inayofuata haikupatikana, alibaki na uongo mkononi.

Msimu wa tatu wenyewe ulifungwa vizuri mno, tarehe 23 Mei 2017. Nguvu ile inayompa Barry mbio zake inadai mfungwa, na Barry anakubali kwenda kifungoni ili mji upone. Nguvu hiyo inamjia kwa sura ya mama yake. Anawaaga mchumba wake Iris na baba yake mlezi, anaondoka bega kwa bega na sura ile, na mlango unafunga. Nilipouona mwisho huo nilisema: hapa deni limelipwa. Msimu wa nne ukaanza tarehe 10 Oktoba 2017. Wenzake wakatengeneza chombo cha kuidanganya ile nguvu, Barry akatoka akiwa amechanganyikiwa akili, na kabla ya sehemu hiyo moja kwisha alikuwa amepona na anakimbia. Kifungo alichokubali kwa maisha yake hakikubaki hata na alama ya pingu.

Hili ndilo jambo ninalowaomba wanafunzi walitafakari. Thamani ya kujitoa mhanga katika hadithi haipimwi kwa machozi yanayomwagika siku hiyo. Hupimwa kwa kile ambacho hakirudi kesho. Msimulizi anayelipa kwa mkono wa kulia na kujirudishia kwa mkono wa kushoto hajalipa. Na akifanya hivyo mara tatu au nne mtazamaji hujifunza kutokuumia, na asiyeumia hafundishiki.

Madeni yasiyolipwa kabisa

Zipo tamthilia ambazo biashara haikuzipa hata nafasi ya kujirudi. Tamthilia ya Lois & Clark, iliyomhusu Superman na mkewe, ilionyeshwa kwa mara ya mwisho mwezi wa Juni 1997. Lois na Clark wanakuta mtoto mchanga nyumbani mwao, amefunikwa kitambaa chenye alama ya Superman. Ni nani? Ametoka wapi? Kampuni iliukata msimu uliokusudiwa kufuata, na mtoto huyo hana wazazi mpaka leo. Kadhalika Legends of Tomorrow, iliyodumu misimu saba, iliwaacha mashujaa wake wamekamatwa katika sehemu ya tarehe 2 Machi 2022. Mwezi wa Aprili mwaka huo tamthilia ikafutwa. Wamebaki chini ya ulinzi.

Sipendi kuwalaumu waandishi peke yao. Walitumaini. Lakini mshairi mwenye busara huuandika kila ubeti kana kwamba karatasi imekwisha. Waandishi wa msimu wa kwanza wa The Flash walifanya hivyo: kama kampuni ingeikata tamthilia yao mwezi wa Juni 2015, Barry angebaki anakimbia angani, lakini Nora angekuwa ameagwa.

Mama wa Westview

Tangu tamthilia zilipoanza kupelekwa kwa njia ya intaneti, misimu imefupishwa. WandaVision ilikuwa na sehemu tisa tu, kuanzia tarehe 15 Januari hadi tarehe 5 Machi 2021. Wanda Maximoff ni mwanamke aliyefiwa na wazazi, kaka na mpenzi. Kwa uchawi wake anauteka mji mdogo wa Westview, anajiumbia humo mume na watoto wawili wa kiume, na kuwalazimisha wakazi waigize maisha ya furaha kama ya vichekesho vya televisheni, huku ndani ya nafsi zao wanateseka. Katika sehemu ya mwisho anawalaza watoto wake, anawashukuru kwa kumchagua awe mama yao, anakaa na mumewe sebuleni, na kuiacha dunia yake ivunjike mpaka anabaki peke yake kwenye kiwanja kitupu.

Mwisho huo uliwaudhi wapenzi wengi. Kwa majuma mengi walikuwa wamekisia kwamba nyuma ya kila kitu yupo shetani Mephisto wa vitabu vya katuni, naye hakutokea. Hapa kosa lilikuwa letu sisi watazamaji. Tulimtafuta adui wa nje ili tusiutazame ukweli kwamba adui alikuwa majonzi ya Wanda mwenyewe. Mpenzi wa hadithi ana wajibu wake pia: asiigeuze hadithi kuwa kitendawili, halafu akanuna kwa kuwa jibu lake silo.

Hata hivyo mwisho huo una dosari mbili. Ya kwanza ni kwamba wakazi wa Westview wanamtazama Wanda kwa chuki anapopita, lakini hawapewi kusema. Rafiki anamfariji kwamba hawatajua kamwe alichokitoa kwa ajili yao, kana kwamba wao ndio wadeni. Kwa desturi zetu, aliyemkosea jirani hukalishwa chini na jirani huyo akasikilizwa. Ya pili ni kwamba, baada ya kuaga kwote kule, katika picha ya nyongeza Wanda anasikia sauti za watoto wake zikimwita. Biashara imeingiza mguu mlangoni. Katika filamu ya Doctor Strange ya mwaka 2022 Wanda anawatafuta watoto hao kwa kuwaua watu. Mama aliyejifunza kuachilia amefutwa, kama alivyofutwa Barry wa mlangoni.

Liyongo hakurudishwa

Sasa nirejee kwa yule aliyetajwa na walimu wangu mwanzoni. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa hadhuriki kwa silaha ila sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Mwanawe wa kumzaa anaijua siri hiyo na kumchoma. Liyongo anakwenda na upinde wake karibu na kisima, anapiga goti, anaelekeza mshale, na kufia hapo hapo. Watu wanakaa mbali bila ya kuteka maji kwa kuogopa maiti.

Huo ni mwisho wenye kila kitu ambacho mwandishi wa televisheni angetamani: siri, usaliti, hofu, na picha isiyosahaulika. Na zaidi ya hayo una jambo ambalo televisheni huliogopa. Liyongo amekufa. Masimulizi juu yake ni mengi, na kila kizazi kimeyasimulia tena, lakini hakuna aliyeona haja ya kumfufua ili hadithi iendelee kuuzwa. Kisima kile kinaendelea kututisha kwa sababu hakuna aliyeinuka pale.

Sisemi kwamba jadi yetu haijui kufufua watu. Katika ngano zetu huliwa na zimwi wakatoka tumboni wazima. Lakini ngano na utenzi wa shujaa si kitu kimoja, na wasikilizaji wa zamani waliijua tofauti. Katika ngano twafurahi kwamba kifo ni mchezo. Katika utenzi twajifunza kwamba sicho. Tamthilia za mashujaa zinataka machozi ya utenzi na faida za ngano kwa wakati mmoja.

Kiti cha enzi cha Loki

Nimalizie na mfano unaonipa matumaini. Loki, mungu mdanganyifu wa masimulizi ya kale ya watu wa Kaskazini ya Ulaya, amefanywa na Wamarekani kuwa adui mwenye kutamani kiti cha enzi. Tamthilia yake ilikuwa na misimu miwili ya sehemu sita sita, na ya mwisho ilionyeshwa mwezi wa Novemba 2023. Loki, anayeigizwa na Tom Hiddleston, amejifunza kurudi nyuma ya wakati kama Barry, na kwa karne nyingi anarudia na kurudia ili kuokoa chombo kinachofuma nyakati zote. Kila mara anashindwa. Mwishowe anatambua kwamba kurudia hakutaokoa kitu. Anakivunja chombo, anazikusanya nyuzi za nyakati kwa mikono yake, anapanda ngazi na kuketi katikati yake, na nyuzi hizo zinakuwa mti, kama ule mti wa dunia wa masimulizi yake ya asili. Rafiki zake watakuwa hai kwa sababu yeye ameketi pale, peke yake, daima.

Alitaka kiti cha enzi, amekipata, na kiti hicho ni kifungo. Swali lililoulizwa tangu mwanzo limejibiwa kwa maneno yale yale lililoulizwa kwayo. Hapa uwezo wa kurudi nyuma, ambao katika The Flash ulifuta maana, umetumiwa kuonyesha kwamba kurudi nyuma hakutoshi.

Walimu wanaweza kuufanya mfano huu kuwa kazi ya darasani bila ya kuwa na televisheni. Mwanafunzi na asimulie mwisho wa tamthilia aipendayo, kisha aulizwe maswali matatu: Msimu uliuliza nini? Mwisho ulijibu nini? Shujaa alilipa nini, na je, alirudishiwa? Atakayeyajibu kwa haki amejifunza uhakiki, na siku atakapokabidhiwa utenzi au riwaya ya kwao atajua pa kuanzia.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Alikuja kunitembelea tukauona mwisho wa Loki pamoja, tukiwa tumekaa kama zamani. Picha ilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyu wasimrudishe."

Mwezi wa Machi 2025 jina la Tom Hiddleston lilitajwa miongoni mwa waigizaji wa filamu ya Avengers: Doomsday. Nilimpigia simu mpwa wangu kumweleza. Alicheka, akaniambia kwamba wao na wamrudishe wakipenda. Yeye yule wa kwenye mti amekwisha kumuaga.